Kichwa Gani cha Risasi kwa Kulungu: Ncha Laini, Kilichoungwa au Shaba Tupu?

Chukua boksi moja la risasi za bunduki za .308 Winchester lenye vichwa vya greni 150. Risasi ya kwanza impige kulungu aliye mita 40, ya pili impige aliye mita 350. Ndani ya boksi hizo ni pacha. Zikifika mwilini mwa mnyama hazifanani tena: ya kwanza inagonga kwa takriban mita 820 kwa sekunde, ya pili kwa takriban mita 550. Kichwa kinachochanua vizuri kwa kasi ya pili kinaweza kusambaratika begani kwa kasi ya kwanza. Na kichwa kigumu kinachohimili ile ya kwanza kinaweza kupita katikati ya mbavu kwa kasi ya pili bila kufunguka, kikaacha tundu la upana wa kalamu na mnyama anayekimbia na jeraha.

Ndiyo maana swali la "risasi ipi ni bora kwa kulungu" halijibiki mpaka ujue itamgonga kwa kasi gani. Kaliba, yaani ukubwa wa mtutu na risasi yake, na jina la mtengenezaji vinafuata baadaye. Wengi huanza na hivyo viwili, wakaishia kulaumu kaliba kwa kosa la kichwa.

Maneno kwanza

Kiswahili kina neno moja, risasi, kwa vitu vitatu: madini mazito ya kijivu, kile kinachotoka mtutuni, na kitu kizima unachokiingiza kwenye chemba. Katika ulinganisho huu utatu huo unachanganya, hasa tukifika kwenye risasi zisizo na madini ya risasi. Basi hapa kulungu ni wale wa Ulaya na Amerika (deer); risasi ni kitu kizima; kichwa ni kile kinachoruka; ganda ni kile kinachotemwa baada ya kufyatua; na madini yatatajwa kwa jina lake kamili, madini ya risasi. Koti ni ngozi ya shaba inayofunika kichwa, kiini ni kilichomo ndani ya koti.

Greni ni kipimo cha uzito: greni 1 ni takriban gramu 0.065, hivyo greni 150 ni kama gramu 9.7.

Kasi yako halisi

Kasi iliyochapwa kwenye boksi ni ya mdomoni mwa mtutu, na mara nyingi imepimwa kwa mtutu wa inchi 24, yaani sentimita 61. Bunduki yako ikiwa na mtutu mfupi zaidi, toa takriban mita 7 hadi 8 kwa sekunde (m/s) kwa kila inchi iliyopungua. Mtutu wa inchi 18 unakuwa umepoteza kama m/s 45 kabla kichwa hakijaanza safari. Ukipata kipima-kasi cha kuazima, piga risasi tano na uchukue wastani. Ni kazi ya dakika kumi inayokuondolea kubahatisha.

Kasi za kawaida za mdomoni kwa kaliba zinazotumika sana kwa kulungu ni hizi: .243 Winchester yenye greni 100 ni kama m/s 900, 6.5 Creedmoor yenye greni 140 ni kama 820; .270 Winchester yenye greni 130 ni kama 930; .308 Winchester yenye greni 150 ni kama 860; .30-06 Springfield yenye greni 180 ni kama 820; .300 Winchester Magnum yenye greni 180 ni kama 900, na.30-30 Winchester yenye greni 150 ni kama 730.

Baada ya hapo hewa inaanza kula kasi. Kichwa cha .308 cha greni 150 chenye ncha ya kawaida hufika mita 100 kikiwa na takriban m/s 765, mita 200 na 675, mita 300 na 590. Cha .30-30 chenye pua bapa huanza na 730, na kinapofika mita 180 kimebaki na kama 510. Tofauti hiyo ya jinsi kasi inavyopotea inatokana hasa na umbo: pua bapa inasukuma hewa, ncha iliyochongoka inaikata.

Andika namba mbili kwenye karatasi: kasi ya kugonga kwa umbali mfupi kabisa unaotarajia kupiga, na kasi kwa umbali mrefu kabisa. Kichwa unachokitafuta ni kile kinachofanya kazi kati ya namba hizo mbili, kwenye ncha zote mbili na si katikati tu.

Aina tano kwa pamoja

Namba hizi ni za kukadiria. Kila mtengenezaji hutoa kiwango chake cha kasi ya chini, na hicho ndicho cha kufuata.

| Aina ya kichwa | Uzito unaobaki baada ya kugonga | Kasi ya kugonga inayokifaa | Kinapoharibu kazi |
|---|---|---|---|
| Ncha laini ya kawaida | 40–70% | m/s 550–820 | Mfupa wa bega kwa karibu, kasi ikiwa kubwa |
| Ncha ya plastiki, koti jembamba | 30–60% | m/s 500–760 | Hupasuka juu juu kwa karibu. Nyama nyingi huharibika |
| Kiini kilichoungwa na koti | 70–90% | m/s 500–900 | Mara chache. Mnyama mdogo sana kwa mbali |
| Chenye ukuta wa kati | 60–75% | m/s 550–900 | Bei na, kwa baadhi ya mitutu, kutopiga mahali pamoja |
| Shaba tupu | 95–100% | m/s 600–950 | Kasi ikishuka hakichanui |

Ncha laini ya kawaida

Hiki ni kichwa cha kuchanua cha tangu zamani: kikombe cha shaba kimejazwa madini ya risasi, na mbele madini yameachwa wazi. Kinapogonga, ncha inabonyea, koti linapasuka kwa mistari na kurudi nyuma, na kichwa kinachanua kama uyoga. Remington Core-Lokt imeuzwa tangu mwaka 1939 na bado inaua kulungu wengi kila msimu. Winchester Power-Point, Federal Power-Shok na Hornady InterLock ni za ukoo huo huo, kila moja ikiwa na mbinu yake ya kushika kiini kisichomoke: koti nene katikati, au pete ya ndani inayouma madini.

Kwa kulungu wa uzito wa wastani, kilo 40 hadi 100, akipigwa kwa ubavu kati ya mita 50 na 200, kwa .308 au 7mm-08 au 6.5 Creedmoor, hakuna sababu ya kutafuta kingine. Tunalisema hili kwa uzito kwa sababu matangazo yamewafanya watu waone aibu kununua boksi la bei nafuu. Kulungu si nyati. Mbavu zake ni nyembamba, mapafu ni laini, na kichwa kinachofunguka haraka kinaharibu mapafu mengi zaidi kuliko kigumu kinachopita kasi.

Tatizo lake lina anwani: kasi kubwa pamoja na mfupa. Chukua .300 Winchester Magnum, ncha laini ya greni 150, kulungu dume yuko mita 30 na amesimama kwa mshazari, bega mbele. Kichwa kinagonga kwa zaidi ya m/s 950. Koti linapasuka palepale kwenye mfupa, kiini kinatoka, na nguvu yote inaishia kwenye bega. Kwa nje unaona jeraha kubwa la kutisha, lakini ukifungua kifua, mapafu yana mikwaruzo tu. Mnyama kama huyo anaweza kukimbia mbali sana kwa miguu mitatu. Kichwa hicho hicho kikirushwa na .308, kwa kasi ndogo zaidi, kingekuwa na nafasi kubwa zaidi ya kuvuka bega hilo hilo.

Kwa hiyo kanuni ya ncha laini ni rahisi: kadiri kaliba inavyokwenda kasi, ndivyo uchague kichwa kizito zaidi ndani ya kaliba hiyo. Uzito unapunguza kasi ya kuanzia na unaacha madini zaidi baada ya koti kupasuka.

Ncha ya plastiki: usidanganywe na rangi

Ncha ya plastiki ni kipande tu. Inakifanya kichwa kikate hewa vizuri, haibonyei ndani ya magazini bunduki inapopiga teke, na inapogonga inasukumwa nyuma kama kabari ili kufungua koti. Haikuambii chochote kuhusu kilichomo nyuma yake. Nosler Ballistic Tip na Nosler AccuBond zote zina ncha za plastiki, na kwa mbali zinafanana. Ya kwanza ina kiini kilicho huru na hufunguka haraka, ya pili kiini chake kimeungwa na koti. Hornady SST ni laini, Hornady CX ni shaba tupu. Soma maandishi, usiangalie rangi ya ncha.

Zile laini zinafaa sana kwa mbali, pale kasi imeshuka. Kwa kulungu aliye mita 250 hadi 350 hufunguka pale ambapo kichwa kigumu kingesita. Kwa msituni, mita 30, ziache.

Kilichoungwa na chenye ukuta

Kwenye kichwa kilichoungwa, kiini na koti vimeshikamana kama vimelehemiwa, hivyo koti likipasuka madini hayatoki. Federal Fusion, Nosler AccuBond, Swift Scirocco na Norma Oryx ni mifano. Kinachanua mapema kama ncha laini, lakini hakisambaratiki. Mtu mwenye bunduki moja, anayewinda leo kichakani na kesho kwenye uwanda wazi, na asiyelazimishwa na sheria kutumia shaba, akinunua aina hii hatajuta. Kati ya aina zote, hii ndiyo inayosamehe makosa mengi zaidi ya makadirio ya umbali.

Chenye ukuta kilitokana na tatizo la mwindaji mmoja, John Nosler, ambaye vichwa vyake vilikuwa vinapasuka juu juu kwa wanyama wakubwa. Nosler Partition iliingia sokoni mwaka 1948. Ndani yake kuna vyumba viwili vya madini vilivyotenganishwa na ukuta wa shaba. Chumba cha mbele kinachanua na mara nyingi kinapotea chote. Cha nyuma kinaendelea kuchimba. Kwa kulungu wa kawaida ni zaidi ya mahitaji, ila kwa dume mkubwa wa kulungu mwekundu wa Ulaya, anayeweza kuvuka kilo 200, akiwa kwa mshazari, bado ni chaguo linaloeleweka.

Shaba tupu

Hapa ndipo watu wengi wanapokosea, kwa sababu wananunua shaba kwa mazoea ya madini ya risasi.

Kichwa cha shaba tupu hakina kiini. Ni kipande kimoja chenye tundu mbele, na kuta za tundu hilo zimekatwa kwa ndani ili zifunguke kuwa petali, kwa kawaida nne. Barnes ilianza kuuza kichwa chake cha X mwaka 1989, ikafuatiwa na TSX na TTSX; Nosler E-Tip, Federal Trophy Copper na Hornady CX ni za aina hiyo. Kinachofungua petali ni shinikizo la majimaji ya mwili yanayoingia kwenye tundu kwa kasi. Kasi ikipungua, shinikizo linapungua, na petali zinabaki zimefumba.

Mambo manne yanafuata kutokana na hilo.

La kwanza ni uzito. Shaba ina msongamano wa karibu gramu 9 kwa sentimita ya ujazo, madini ya risasi zaidi ya 11. Kichwa cha shaba cha greni 165 ni kirefu kuliko cha madini cha greni 165. Lakini kwa kuwa hakipotezi uzito, huhitaji kuanza na mwingi. Shuka daraja moja: aliyezoea greni 165 au 180 kwenye .308 achukue 130 hadi 150. Aliyezoea 130 kwenye.270 achukue 110 hadi 130. Aliyezoea 100 kwenye.243 achukue 80 au 85. Ukishuka hivyo kasi inapanda, na kasi ndiyo chakula cha shaba. Mtu anayechukua shaba nzito kwa mtutu mfupi anajinyima kasi kwenye pande zote mbili.

La pili ni mzunguko wa mtutu. Mifuo ya ndani ya mtutu inakizungusha kichwa ili kisiyumbe, na kichwa kirefu kinahitaji mzunguko wa haraka zaidi. Mtutu ulioandikwa 1:10 unakizungusha mara moja kwa kila inchi 10. Wa 1:12 ni wa taratibu zaidi. Kwenye .308 ya 1:12, shaba ya greni 130 au 150 kwa kawaida inatulia, nzito zaidi inaweza kukataa. Dalili iko kwenye karatasi ya shabaha: badala ya tundu la duara unaona tundu refu kama la ufunguo. Ukiliona, acha risasi hiyo mara moja, hata kama kundi, yaani matundu ya risasi kadhaa kwenye karatasi, linaonekana dogo.

La tatu ni umbali. Watengenezaji wengi wa shaba hutaja kasi ya chini kati ya m/s 550 na 610, lakini kuanza kufunguka si sawa na kufunguka vizuri. Jiwekee mpaka wa m/s 600. Kwa .308 ya greni 150 iliyo na mtutu mfupi, mpaka huo unafika kabla ya mita 300.

La nne ni mahali pa kupiga. Shaba inafungua njia nyembamba na ndefu, na karibu kila mara inatokea upande wa pili. Kwa kulungu aliyepigwa nyuma ya bega, katikati ya mapafu, matokeo yake huwa mnyama anayekimbia mita kadhaa zaidi kuliko angepigwa kwa ncha laini. Sogeza shabaha mbele kidogo, juu ya mguu wa mbele, theluthi moja ya kifua kutoka chini. Mfupa unaisaidia shaba kufunguka, na nyama ya bega haiharibiki kama ambavyo ingeharibiwa na kichwa kinachopasuka.

Kwa wanaojaza risasi wenyewe: usichukue vipimo vya baruti vya kichwa cha madini ukavitumia kwa shaba ya uzito uleule. Kichwa kirefu kinakula nafasi ndani ya ganda, na shinikizo linapanda. Tumia jedwali la kichwa hichohicho, na kiache mbali kidogo na mwanzo wa mifuo. Barnes kwa muda mrefu imependekeza kuanzia inchi 0.050, yaani milimita 1.3.

Vya kuacha kabisa

Koti kamili, lile la kijeshi ambalo madini hayaonekani mbele, halichanui. Kwenye maeneo mengi ni marufuku kwa kulungu, na sababu inaeleweka ukiona jeraha lake. Vichwa vya mashindano navyo viache. Sierra yenyewe haipendekezi MatchKing kwa uwindaji, ingawa ina tundu kwenye ncha. Tundu hilo ni matokeo ya namna kilivyotengenezwa na halikuwekwa kwa ajili ya kuchanua. Wakati mwingine kinapasuka, wakati mwingine kinapita kama sindano, na huwezi kujua mapema itakuwa ipi. Vichwa vyepesi vya kaliba .224 vilivyoundwa kwa wanyama waharibifu wadogo hupasuka juu juu hata kwa kulungu mdogo.

Hali kwa hali

*Msitu mnene, mita 20 hadi 80.* Kasi ya kugonga iko juu. Kwa .308, 7mm-08 au .30-30, ncha laini nzito (greni 165 hadi 180 kwa .308, 170 kwa .30-30). Kwa .270 au magnum yoyote (kaliba za kasi kubwa kama .300 Winchester Magnum), kilichoungwa au shaba. Wapo wanaoamini kwamba kichwa kizito chenye pua butu kinapasua vichaka bila kupinda. Hakuna kichwa kinachofanya hivyo kwa uhakika. Kijiti cha unene wa kidole kinatosha kukigeuza. Subiri nafasi iwe wazi.

*Uwanda wazi, mita 200 hadi 350.* Ncha ya plastiki yenye koti la wastani, au kilichoungwa chenye umbo refu. Shaba ikiwa tu kaliba yako ina kasi ya kutosha. Kumbuka na kushuka: .308 ya greni 165 iliyowekwa shabaha mita 200, yaani igonge pale unapolenga kwa umbali huo, inashuka takriban sentimita 25 hadi 30 ikifika mita 300. Eneo la moyo na mapafu la kulungu wa wastani lina upana wa sentimita 20 hadi 25. Makadirio ya umbali yakikosea kwa mita 50 tu, umetoka nje ya eneo hilo.

*Kulungu mdogo wa Ulaya, kilo 20 hadi 30.* Mwili ni mwembamba, kichwa kina sentimita chache tu za kufunguka. Ncha laini ya kasi ya wastani inatosha. Shaba nayo inafaa kwa anayethamini nyama, mradi agonge mfupa.

*.30-30 yenye magazini ya bomba.* Hapa usalama unatangulia. Risasi zimepangana kichwa kwa kitako, kila ncha ikigusa fataki (kiwashio cha baruti kilicho kitakoni) ya iliyo mbele yake. Kichwa kigumu kilichochongoka kinaweza kuilipua fataki hiyo pale bunduki inapopiga teke. Tumia pua bapa au butu pekee, au zile za ncha ya mpira laini kama Hornady LEVERevolution, zilizoundwa kwa ajili hiyo.

*.243 Winchester.* Inatosha kulungu kabisa, ila haina ziada ya kufidia kichwa kibaya. Greni 95 hadi 100 za ncha laini au kilichoungwa, au greni 80 hadi 85 za shaba. Boksi lenye greni 55 au 58 ni la wanyama wadogo, hata kama muuzaji anasema vinginevyo.

Sheria inaweza kukuchagulia

Kabla ya kulinganisha chochote, soma kanuni za mahali unapowinda. California ilikataza vichwa vyenye madini ya risasi kwa uwindaji wote wa bunduki kuanzia Julai 1, 2019. Denmark ilikataza vile vya bunduki za mifuo kuanzia Aprili 1, 2024. Ujerumani inadai nguvu ya joule 1,000 kwa mita 100 kwa kulungu mdogo wa Ulaya, na kwa wanyama wengine wenye kwato, kaliba isiyopungua milimita 6.5 yenye joule 2,000 kwa mita hizo 100. Kwa kanuni hiyo .243, ambayo sehemu nyingine ni halali, haimfikii kulungu mwekundu. Uingereza na Wales, kwa aina nyingi za kulungu, sheria inataka kaliba isiyopungua inchi .240, kichwa cha kuchanua, na nguvu ya mdomoni isiyopungua futi-pauni 1,700, ambazo ni kama joule 2,305.

Nyama itakayoliwa

Kichwa cha madini kinapochanua kinaacha vumbi na vipande vidogo vya sumu, vingine vidogo kiasi kwamba jicho haliwezi kuviona. Vipande hivyo havibaki kwenye tundu tu. Vinaweza kusambaa sentimita 30 au zaidi kutoka njia ya kichwa. Kadiri kichwa kinavyopoteza uzito, ndivyo ulichopoteza kilivyobaki ndani ya nyama: greni 150 zikibaki 75, greni 75 nyingine, karibu gramu 5, ziko mwilini mwa mnyama pamoja na shaba ya koti.

Kwa hiyo kata kwa upana. Nyama yote iliyovilia damu itupwe, pamoja na nyama nzuri inayoizunguka, na usiioshe kwa maji ukidhani unaokoa; maji yanasambaza vipande. Usisage nyama ya karibu na jeraha. Kama walaji ni watoto wadogo au mama mjamzito, hoja ya shaba inakuwa nzito kuliko hoja nyingine zote zilizotajwa hapa. Na matumbo unayoyaacha porini huliwa na ndege wala mizoga. Tai na kondori wa California wamekufa kwa sumu ya madini hayo hayo, na ndiyo moja ya sababu za sheria ile.

Kujaribu kabla ya msimu

Usinunue maboksi kumi kwa mkupuo. Nunua aina mbili au tatu zinazoingia kwenye zile namba zako mbili za kasi, boksi moja moja. Safisha mtutu mpaka kitambaa kisitoke na rangi ya kijani au buluu, ambayo ni dalili ya shaba iliyobaki. Mitutu mingi hukataa kukusanya risasi ukibadilisha kutoka aina moja kwenda nyingine bila kusafisha. Piga risasi mbili au tatu za kuandaa mtutu, halafu makundi matatu ya risasi tatu kwa mita 100, ukiuacha mtutu upoe kati ya kundi na kundi. Kundi lisilozidi sentimita 4 linatosha kwa kulungu. Kuhangaika kulishusha liwe sentimita 2 huku umechagua kichwa kisichofaa kasi yako ni kupoteza risasi.

Usishangae aina mpya ikipiga sentimita 5 au hata 10 pembeni ya ile ya zamani. Uzito na kasi vimebadilika, na mtutu hutetemeka tofauti. Weka shabaha upya, na usichanganye aina mbili ndani ya magazini moja.

Ukitaka kuona kuchanua kwenyewe, panga madumu ya plastiki ya lita 4 yaliyojaa maji kwenye mstari mmoja, manane au tisa, nyuma yake pawe na kingo ya udongo. Yaweke kwa umbali wako halisi wa kupiga, kwa sababu mita 50 haitakuambia chochote kuhusu mita 250. Kiokote kichwa na ukipime kwa mizani ya greni. Ncha laini itakuwa uyoga wenye ukingo uliochanika, shaba itakuwa msalaba wa petali nne zilizokunjwa nyuma. Petali moja au mbili zikikatika si hatari. Shaba iliyotoka ikiwa bado imechongoka, na tundu la mbele limefumba au limepinda upande, inakuambia kwamba kwa umbali huo kasi haitoshi: sogea karibu, au badilisha kichwa. Na ukikuta kikombe cha koti kitupu bila kiini, kichwa hicho ni laini mno kwa bunduki yako kwa umbali huo, hata kama kundi lake kwenye karatasi lilikuwa zuri kuliko yote.

Pima pia vichwa unavyovipata chini ya ngozi ya upande wa pili wa mnyama unapochuna. Andika kwenye daftari umbali, mfupa uliogongwa au kukosekana kwake, uzito uliobaki, na hatua alizokimbia mnyama. Kichwa kilichosimama chini ya ngozi kimetumia nguvu zake zote ndani, lakini hakikuacha tundu la kutokea, na damu ya kufuata inakuwa haba. Kwenye nyasi ndefu au jioni inayoingia, tundu la pili lililo chini upande wa pili lina thamani kubwa, na hapo kilichoungwa na shaba vinaishinda ncha laini waziwazi.